NYUMBA YA WATU WOTE, MALI YA MTU MMOJA

Kila mwaka, katika vijiji na miji midogo ya Uingereza, hutoka tangazo la namna moja. Mwenye baa amezeeka, au ameugua, au mahesabu yamemshinda. Baa aliyoiendesha kwa miaka ishirini au thelathini inauzwa, naye anatafuta mtu wa kuichukua. Tangazo lenyewe ni fupi: vyumba kadhaa, jiko, ua wa nyuma, makao ya mwenyewe orofani, na bei. Lakini siku linapotoka, kijiji kizima huingiwa na wasiwasi, kama watu waliosikia kwamba kisima chao kinapigwa mnada.

Waingereza huiita nyumba ya namna hiyo kwa jina ambalo maana yake ni nyumba ya umma. Jina hilo ni zuri, lakini lina kasoro moja. Umma huingia, hukaa, hunywa, huzungumza, na huzika wafu wake na kurudi humo kutulizana. Ila umma hauna hati ya nyumba. Hati imo mfukoni mwa mtu mmoja au katika sanduku la kampuni moja. Siku mwenye hati akitaka kuuza, wale wote walioipa nyumba ile uhai wake hugundua kwamba kwa sheria wao walikuwa wapita njia tu.

Twaona jambo hili linastahili kufikiriwa na wafanyakazi popote walipo, na maoni yetu twayatoa wazi tangu mwanzo. Baa inayopendwa na mji mdogo ikitafuta mwenyewe mpya, mnunuzi anayestahili kuliko wote ni watu wa mji ule wenyewe, wakiwa wameungana katika ushirika wao. Si kwa sababu kila mwenye mali ni mtu mbaya. Wengi wa wenye baa hizi ni watu waungwana waliofanya kazi usiku na mchana kwa faida ndogo. Ni kwa sababu hata mwenyewe aliye mwema huzeeka, na wema wake hauandikwi katika hati ya mauzo.

SI HABARI YA KILEVI

Tunajua wasomaji wetu wengi hawanywi, ama kwa amri ya dini yao, ama kwa kuwa wameona pombe ikivunja nyumba za watu. Kiswahili chetu kimelipa neno hili "baa" maana mbili, nyumba ya kunywea na balaa, na wake wengi wa walevi wataapa kwamba maana hizo ni moja. Hatumwombi mtu abadili msimamo wake. Tunamwomba atazame kile kilichomo ndani ya nyumba ile zaidi ya pipa la bia.

Katika historia ya wafanyakazi wa Uingereza, baa ilikuwa ofisi kabla wafanyakazi hawajapata ofisi. Fundi aliyesafiri kutafuta kazi alikwenda kwenye baa inayojulikana kuwa ya mafundi wenzake. Pale ndipo alipopata habari za kazi, kitanda cha usiku na mtu wa kumdhamini. Vyama vya kusaidiana kwa ugonjwa na mazishi vilikutana katika chumba cha juu cha baa, na kasha la fedha za chama likawekwa humo. Vyama vingi vya kwanza vya wafanyakazi vilianza vivyo hivyo, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi kwa mtu mwenye mikono michafu.

Leo vyama vina majengo yao. Lakini katika kijiji kidogo mambo yamekwenda kinyume. Shule imefungwa, posta imefungwa, duka limefungwa, basi linapita mara mbili kwa siku au halipiti kabisa. Kinachobaki ni baa. Mzee mjane ambaye hajasema neno na mtu tangu asubuhi huenda pale jioni akaitwa kwa jina lake. Timu ya mpira hupanga safari zake pale. Mkulima na dereva na mwalimu huketi meza moja. Mlango huo ukifungwa, nyumba za kijiji zitabaki zimesimama, lakini mahali pa kukutania hapatakuwapo tena.

Na milango inafungwa. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Kufikia mwaka 2023 zilikuwa zimebaki kiasi cha 45,000. Sababu zake si siri. Bia ya dukani ni rahisi kuliko ya baa, kwa hiyo watu hunywa nyumbani. Kodi ni nzito. Mwaka 2007 England ilipiga marufuku kuvuta sigara ndani ya baa, jambo jema kwa mapafu ya wahudumu, ingawa baadhi ya wateja hawakurudi. Mwezi Machi 2020 baa zote zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Kuanzia mwaka 2022 bei ya umeme na gesi ikapanda kwa kishindo. Juu ya hayo yote iko sababu isiyohusu bia hata kidogo, nayo ni thamani ya jengo. Mara nyingi jengo likigeuzwa nyumba za kuishi huleta fedha nyingi kuliko likibaki baa, hata baa yenyewe ikiwa inaendeshwa kwa faida.

WANUNUZI WANAOJITOKEZA

Basi tuwatazame wanunuzi wanaosimama mlangoni tangazo linapotoka.

Wa kwanza ni mtu mmoja mwenye akiba yake, labda mume na mke waliochoka na kazi za mjini. Huyu hukaribishwa kwa furaha, na mara nyingine hufanikiwa. Lakini ametia akiba ya maisha yake yote katika biashara ngumu, hana wa kumpokea zamu, na akianguka anaanguka peke yake. Baada ya miaka michache tangazo hutoka tena.

Wa pili ni kampuni kubwa yenye baa nyingi. Hapa wafanyakazi wafumbue macho. Kwa muda mrefu viwanda vya bia vya Uingereza vilimiliki baa kwa maelfu na kuzikodisha kwa sharti kwamba mpangaji anunue bia kwa mwenye nyumba peke yake, kwa bei aitakayo mwenye nyumba. Mwaka 1989 serikali ilitoa amri ya kupunguza nguvu hiyo, ikivitaka viwanda vilivyokuwa na baa zaidi ya 2,000 viachie sehemu yake. Baa ziliachiwa, lakini hazikwenda kwa wapangaji wala kwa wanywaji. Nyingi zilikwenda kwa kampuni mpya ambazo kazi yake haikuwa kutengeneza bia bali kumiliki baa, na lile sharti la zamani likaendelea chini ya bwana mpya. Ilipasa kungoja hadi mwaka 2016 ndipo sheria ya kuwalinda wapangaji wa kampuni kubwa ianze kazi. Funzo ni hili: kumbadilisha bwana si kuondoa ubwana.

Wa tatu ni mfanyabiashara wa majengo. Huyu haulizi bia inauzwaje. Anapima vyumba, anahesabu madirisha na kuangalia maegesho ya magari.

Wa nne ni watu wenyewe. Mara nyingi huyu ndiye afikaye mwisho, kwa kuwa hana fedha tayari, hana wakili, na bado hajajua kwamba yeye ni mnunuzi.

Wako watakaosema, iweje serikali isinunue? Swali hilo lina historia, nayo si ndogo. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya baruti vilijengwa Gretna, mpakani mwa Scotland na England, na maelfu ya wafanyakazi wakafurika katika mji wa Carlisle. Ulevi ukatishia kazi ya vita. Serikali ya Uingereza ikazichukua baa na viwanda vya bia vya eneo lile ikaviendesha yenyewe. Baa nyingine zilifungwa, nyingine zikajengwa upya zikiwa na nafasi, mwanga na chakula. Meneja alilipwa mshahara. Hakupata nyongeza kwa kuuza pombe nyingi, lakini aliweza kuipata kwa kuuza chakula. Huo ulikuwa mpango wa akili. Haukuishia kwenye vita, uliendelea kwa zaidi ya miaka hamsini, na uliiletea Hazina faida.

Kisha mwaka 1971 serikali nyingine, iliyoamini kwamba dola haina kazi ya kuuza bia, ikapitisha sheria ya kuufuta mpango ule, na baa zikauzwa katika miaka miwili mitatu iliyofuata. Kilichotolewa kutoka juu kikaondolewa kutoka juu. Watu wa Carlisle walikuwa wamehudumiwa vizuri kwa nusu karne, lakini hawakuwa wamepewa hisa wala kura. Kwa hiyo siku ya mauzo sauti yao haikuweza kuzuia kitu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata ndugu huyo akiwa serikali.

MIFANO YA WALIOTHUBUTU

Upande wa Scotland wachimba makaa walijua njia nyingine. Katika mji wa Gothenburg, huko Sweden, ulianzishwa mwaka 1865 utaratibu wa kuuza pombe bila kumtajirisha muuzaji. Mwishoni mwa karne ile utaratibu huo ukaingia katika vijiji vya migodi vya Scotland. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: aliyetia fedha apate faida isiyozidi asilimia 5 kwa mwaka, na kinachozidi kirudi kwa watu kwa njia ya maktaba, bustani, viwanja vya michezo na hata mshahara wa muuguzi wa kijiji. Baa ya Dean Tavern katika mji mdogo wa Newtongrange iliwekwa katika utaratibu huo mwaka 1899. Si kwamba kila kitu kilikuwa cha wachimbaji. Kampuni ya makaa ilikuwa na mkono wake mzito katika mji ule. Lakini tazama kilichodumu. Migodi ilitaifishwa mwaka 1947, na kampuni ile ikatoweka. Mgodi wa Lady Victoria, uliolisha mji wote, ulifungwa mwaka 1981 na sasa ni makumbusho. Baa imebaki, ingali chini ya udhamini, na faida yake ingali inarudi kwa watu wa mji.

Wales nako, katika kijiji cha Llithfaen, wenyeji waliichukua baa yao ya Tafarn y Fic mwaka 1988. Huko watu bado huzungumza lugha yao ya Kiwelisi, na wote wanaoipenda lugha yao wajue kwamba lugha haiishi katika kamusi tu. Inahitaji meza na viti, na watu wa kubishana kwayo jioni.

Kaskazini mwa England, si mbali na Carlisle hiyo hiyo tuliyoitaja, kiko kijiji cha Hesket Newmarket. Nyuma ya baa yake iitwayo Old Crown kulikuwa na kiwanda kidogo cha bia. Mwenye kiwanda alipotaka kustaafu, wanakijiji waliunda ushirika wakakinunua mwaka 1999. Ilipofika zamu ya baa yenyewe kutafuta mwenyewe, walikuwa wamekwisha jifunza. Wakainunua mwaka 2003, watu zaidi ya 100 wakiwa wamechanga.

Mfano tunaoupenda zaidi ni ule wa kijiji cha Hudswell, huko Yorkshire. Baa yao, George and Dragon, ilifungwa mwaka 2008. Kijiji kile kina watu mia chache tu. Waliunda chama, wakauziana hisa, wakainunua na kuifungua tena mwaka 2010. Walipokwisha kuwa wenyewe, walijiuliza jambo ambalo mwenye mali wa pekee huwa halimsumbui: kijiji kinakosa nini kingine? Wakatia maktaba ndani ya baa. Wakafungua duka dogo linaloendeshwa kwa kujitolea. Uwanja wa nyuma wakaugawa vishamba vya kulima mboga. Chama kikubwa cha wapenzi wa bia nchini humo, CAMRA, kiliitaja baa hiyo ndogo kuwa bora kuliko zote za Uingereza kwa mwaka 2016.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya huwezekana mashambani tu. Katika mtaa wa Nunhead, kusini mwa London, baa ya Ivy House ilifungwa ghafula mwaka 2012 ili jengo ligeuzwe nyumba za kuishi. Wakazi walitumia sheria mpya iliyokuwa imetoka mwaka uliotangulia, wakaiandikisha baa yao kuwa mali yenye thamani kwa jumuiya, wakakusanya wanahisa zaidi ya 370, wakatafuta mkopo, na mwaka 2013 wakaifungua wenyewe.

SHERIA NA UPUNGUFU WAKE

Sheria hiyo ya mwaka 2011 inafaa kueleweka. Katika England, watu wa mahali wanaweza kuomba baraza lao liiandikishe baa, duka au ukumbi katika orodha ya mali za jumuiya. Mwenyewe akitaka kuuza, lazima atoe taarifa; na watu wakisema katika wiki 6 kwamba wanataka kununua, mauzo husimama hadi miezi 6 itimie tangu taarifa ile. Tangu mwaka 2017 pia mtu hawezi kubomoa baa wala kuigeuza kitu kingine bila kibali cha mipango.

Lakini sheria ya mwaka 2011 ilimpa mnyonge muda tu, haikumpa haki. Miezi 6 ikiisha, mwenye mali alikuwa huru kumwuzia amtakaye kwa bei aitakayo, hata kama kijiji kimeleta fedha mkononi. Scotland ilikwenda mbele zaidi kwa sheria yake ya ardhi ya mwaka 2003, iliyoipa jumuiya iliyojiandikisha haki ya kuulizwa kwanza. Mswada uliopelekwa katika Bunge la Uingereza mwaka 2025 ulitaka England nayo ifuate njia hiyo, na muda wa kusubiri uwe miezi 12. Sisi twaona hiyo ndiyo haki. Waliokitunza kitu kwa miaka mingi waulizwe kabla ya mgeni.

TUSIJIDANGANYE

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji wetu kama tungesema kwamba ushirika ni dawa ya kila ugonjwa. Penye wengi pana mengi, na nahodha wengi chombo huenda mrama. Viko vijiji vilivyoshindwa kupata fedha kwa wakati, na viko vilivyonunua baa kisha wakagombana juu ya rangi ya ukuta na bei ya viazi. Mapenzi ya jioni moja ya mkutano hayalipi fundi wa paa. Baa haiponi kwa kupendwa. Huponywa na watu wanaofika Jumanne ya mvua, si sikukuu peke yake. Wengi wanaolia siku tangazo linapotoka hawakuwa wameingia mlangoni kwa mwaka mzima.

Tena kuna hatari inayowahusu wafanyakazi moja kwa moja. Kujitolea ni jambo la heshima, lakini kusigeuzwe njia ya kupata kazi ya bure. Mpishi na mhudumu wa baa ya ushirika ana miguu ile ile inayouma kama ya mhudumu wa kampuni. Ushirika unaomnyima ujira wa haki kwa jina la jumuiya haujatofautiana na bwana aliyeondoka.

Hata hivyo hesabu iko upande wa waliothubutu. Shirika la Plunkett, lililoanzishwa mwaka 1919 na ambalo husaidia biashara za jumuiya vijijini, limeonyesha kwa miaka mingi kwamba baa zilizonunuliwa na watu wenyewe zimefika zaidi ya mia moja, na kwamba ni chache mno zilizofunga milango baadaye. Siri yake haiko mbali. Mteja ambaye ni mwanahisa hatafuti baa nyingine. Na katika vyama hivi kila mwanachama ana kura moja. Aliyetia paundi elfu na aliyetia hamsini huinua mkono mmoja mmoja.

Kanuni hiyo ya kura moja kwa kila mtu ni ile ile iliyoshikwa na wafumaji wa Rochdale walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, na ndiyo iliyofika kwetu pamoja na vyama vya wakulima, kama kile cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoandikishwa mwaka 1933. Sisi Watanzania tunajua utamu wake, na tunajua pia uchungu wa kuipoteza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na ilibidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe. Aliyeyaona hayo ataelewa upesi kwa nini tunaitaja Carlisle na Hudswell katika ukurasa mmoja. Kitu cha wote hulindwa pale tu wote wanapokuwa na hati, daftari na kura.

Kwa hiyo basi, kwa kila mji mdogo ambao mwenye baa yake ameanza kuzeeka, ushauri wetu ni huu. Msingoje tangazo. Mkalisheni mzee wenu mngali mnaye, mwulizeni anakusudia nini, na mwambieni kwamba ninyi mnaweza kuwa wanunuzi wake. Huenda hata yeye akafarijika kujua kwamba kazi ya maisha yake haitageuzwa vyumba vya kupangisha. Iandikisheni nyumba mapema. Fungueni daftari, wekeni mweka hazina mnayemwamini, na mkaguzi wa kumkagua huyo mnayemwamini. Chukueni hisa ndogo za wengi kabla ya hisa kubwa za wachache, kwani haba na haba hujaza kibaba. Mlipeni mhudumu wenu vizuri. Kisha nendeni mkakae pale, anywaye anywe bia yake, na asiyekunywa aagize chai, kwa maana kiti cha asiyekunywa nacho ni sehemu ya nyumba.

Mwenyewe mpya anayetafutwa katika tangazo lile mara nyingi hatoki mbali. Ameketi ndani tayari, kwenye meza ya karibu na dirisha, pamoja na jirani zake. Kilichobaki ni wao kuhesabiana na kuianza kazi.